Barua ya wazi kwa wifi yangu, mama wa mkimbiaji

Wifi yangu,

Habari za Mbagala? Picha ya mwanetu na medali yake ya mita 800 tumeiona kwenye grupu la familia, na hongera umepewa mpaka simu imejaa. Tamba tu, ni haki yako. Ila medali inaonyesha siku ile kakimbia na nani, basi. Mtoto wa darasa la sita anayekimbia, anayecheza netiboli na ambaye mwakani ana mtihani wa kumaliza, ana mengi ya kutazamwa kuliko shingo yake.

Anza na fremu ya mlango. Avue viatu, visigino na mgongo viguse fremu, atazame mbele. Mwekee kitabu kigumu utosini, kilale bapa, upige mstari wa penseli na uandike tarehe. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na iwe asubuhi, maana ikifika jioni mtu huwa amepungua karibu sentimita moja. Wasichana wengi huchomoka kwa kasi kati ya miaka 10 na 14, na kileleni huongeza kama sentimita 8 kwa mwaka. Ukiona sentimita 2 ndani ya miezi mitatu, msimu umefika. Mbio zake zitavurugika. Miguu imerefuka, misuli haijaizoea, hatua zinakuwa nzito na muda unarudi nyuma. Hapo ndipo watu wazima husema mtoto kavimba kichwa, kaanza uvivu. Usiwasikilize.

Msimu huohuo huleta maumivu ya kisigino. Mfupa wa hapo bado una sehemu laini inayokua, na kano nene la nyuma ya mguu huivuta kila anaporuka. Netiboli huzidisha, kwa sababu mchezaji hudaka mpira hewani kisha anatua na kusimama ghafla, tena mara nyingi kwenye sakafu ya saruji. Shika kisigino kwa kidole gumba na cha shahada, ubinye pande zote mbili. Akishtuka, mpumzishe kukimbia na kuruka wiki moja au mbili, mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15, na anyooshe misuli ya nyuma ya mguu kwa kusukuma ukuta: sekunde 30, mara tatu kila mguu. Hayo maumivu yakimwamsha usiku, kisigino kikivimba, au akichechemea hata siku ambazo hachezi, hiyo si habari ya barafu tena. Mpeleke hospitali.

Viatu najua utaenda soko la mitumba la Karume, na si vibaya. Kikunje kiatu: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, kirudishe. Bonyeza soli kwa gumba kwa ndani. Mtumba mwingi unang'aa juu lakini sponji ilishakufa, imekuwa ngumu kama ubao. Mjaribishie jioni, miguu ikiwa imetanuka, akiwa amesimama, na mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Hii desturi yetu ya kununua namba mbili zaidi ili "akue nazo" ndiyo inayowapa watoto kucha nyeusi, kwa kuwa mguu unateleza na kugonga mbele kila anaposimama.

Kuhusu muda wake, usimlinganishe na wa shule nyingine. Viwanja vingi vya shule havina mzunguko wa mita 400 kamili, kwa hiyo "800" ya hapa na ya kule si umbali mmoja. Mpime kwa simu, uwanja uleule, saa ileile, kila baada ya wiki nne, na uandike pia muda wa mita 200 za mwanzo. Mabinti wengi huzimaliza hizo kwa fujo kisha wanafia njiani. Filbert Bayi aliongoza toka mwanzo hadi mwisho kule Christchurch mwaka 1974 akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3:32.16, lakini yule alikuwa mtu mzima aliyejiandaa kukimbia hivyo. Mwanetu ajifunze kwanza kubaki na pumzi ya mzunguko wa pili.

Joto la Januari hadi Machi unalijua. Hewa ina unyevu, jasho halikauki, mwili haupoi. Anywe mafunda machache, kama mililita 150, kila dakika 20, bila kusubiri kiu. Chakula kizito kiishe saa mbili au tatu kabla ya mazoezi; chipsi mayai ya saa tisa kwa mazoezi ya saa kumi itamrudia uwanjani. Ndizi mbivu moja inatosha. Na kwa kuwa atavunja ungo karibuni, kama bado, mpe dagaa, maharage na mchicha, pamoja na chungwa au ndimu, na chai isogezwe mbali na mlo kwa saa nzima, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma. Hedhi ikishazoeleka halafu ikakatika miezi mitatu, mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyokimbia. Aonwe na daktari.

Usingizi ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote. Umri wake unahitaji saa 9 hadi 12. Akiamka saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala, basi saa mbili usiku awe kitandani, na tuisheni ya jioni juu ya mazoezi haiingii hapo. Mimi ningepunguza tuisheni.

Kwenye ripoti, achana na nafasi ya darasani. Fungua daftari la hisabati. Akiandika 3/4 + 1/6 = 4/10, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini; hajaelewa kutafuta asili ya pamoja, 12, apate 11/12. Hilo linafundishika mezani kwa jioni chache. Lakini kama njia ni sahihi na amenakili tarakimu vibaya, tatizo ni haraka au usingizi.

Halafu picha: zile zenye beji ya shule, beji ikatwe kabla hazijaenda nje ya familia, mtu baki asijue anasoma wapi.

UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi, hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, kwa hiyo muulize mwalimu wa michezo mapema: mazoezi mangapi kwa wiki, siku gani ya kupumzika, na nani anabaki na watoto mpaka wapande gari. Nakala ya cheti cha kuzaliwa umpelekee siku hiyohiyo.

Msalimie kaka.

Wifi yako