Barua kwa mwanangu: Ukisoma jarida la sayansi, uliza wamejuaje

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na huku nyumbani sote tu wazima. Umeuliza kama kusoma majarida ya sayansi ni kupoteza muda wakati mtihani wa kidato cha pili umekaribia. Hapana, mama. Soma. Ila uwe mchaguzi.

Mengi yanayoandikiwa vijana wa rika lako yamejaa vijisanduku vya "je, wajua?" Pweza ana mioyo mitatu, basi, ukurasa umeisha. Ni kweli anayo mitatu, lakini ukishajua hivyo huna pa kwenda. Mimi napenda jarida linaloeleza watu wamejuaje. Chukua popo. Kila mtu atakwambia huruka gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yao. Utamu uko kwenye mwaka 1938, pale Donald Griffin, akiwa mwanafunzi Harvard, alipowabeba popo wake hadi kwa mwanafizikia G. W. Pierce, aliyekuwa na chombo cha kunasa sauti nyembamba zisizosikika kwa sikio la mtu. Popo waliodhaniwa wako kimya wakakutwa wanapiga kelele!

Kwenye bahasha nimekuwekea makala nilizochapisha pale steshenari, kutoka Frontiers for Young Minds. Jarida hili lilianza mwaka 2013 na husomwa bure mtandaoni. Wanaoandika ni wanasayansi wenyewe, lakini makala haitoki mpaka ipitiwe na vijana wa miaka 8 hadi 15, wakiongozwa na mtaalamu. Kijana akisema aya fulani haieleweki, profesa anarudi kuinyoosha. Tazama mwishoni utawaona wahakiki hao na umri wao.

Usianze na aya ya kwanza, anza na grafu. Funika maelezo yake kwa kiganja, soma mhimili wa chini na wa wima, kisha jiambie mwenyewe kwa nini mstari unapanda au unashuka. Ndipo ufunue uone mwandishi anasemaje. Kiingereza kikikukwaza usisimame kila mstari. Neno linalorudi mara kwa mara ndilo la kulitafuta kwenye kamusi.

Na ukikutana na jambo lisilokuingia akilini, usinyamaze. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyaweka kwenye friji yakiwa bado ya moto, yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam kuja kuzungumza nao. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulifanyia jaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika Physics Education, jarida la Uingereza.

Ubishi wenyewe haujaisha mpaka leo, na hapo ndipo ninapotaka ukae sana. Mwaka 2016 Burridge na Linden, nao wa Uingereza, walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hufika nyuzi 0 mapema kuliko ya baridi. Wakaonyesha pia kwamba kipimajoto kikisogezwa juu au chini kwa sentimita moja tu, matokeo yanaweza kukudanganya. Wengine hawajaridhika, wanaendelea kupima.

Ukifunga shule tutapima na sisi. Mama yako amekubali kutuachia rafu moja ya friza yake ya barafu za ukwaju, mradi tusimharibie biashara. Kabla hujaja, niandikie tutumie vyombo gani, maji kiasi gani kila kimoja, na kipimajoto tukiweke wapi.

Baba yako