Weusi wa lami si ukarabati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu njia za gari za lami, zile zinazotoka getini hadi mlangoni mwa nyumba. Wenye nyumba wengi wakitaka kuzitengeneza huuliza jambo moja tu: itarudi kuwa nyeusi lini? Weusi ni kazi ndogo. Ndoo chache za dawa ya kupaka lami na ufagio mpana hutosha kuifanya njia iliyokufa ionekane mpya kwa miezi kadhaa. Baada ya hapo nyufa zinarudi pale pale, na mwenye nyumba analipa mara ya pili kwa kazi ambayo ilikuwa haijafanyika hata mara ya kwanza.

Kabla ya kumwita fundi, isome njia yenyewe, maana nyufa zina lugha yake. Ufa mmoja mwembamba unaokwenda moja kwa moja, hasa pale mikanda miwili ya lami ilipounganishwa, ni ugonjwa wa juu: lami imezeeka, imekauka, imesinyaa. Ukizibwa mapema, yamekwisha. Nyufa zilizosukana na kukata lami vipande vidogo kama ngozi ya mamba ni habari nyingine kabisa. Hizo hutokea pale tabaka la kokoto la chini lilipolegea, mara nyingi kwa kunywa maji, na lami ikawa inanesa kila gurudumu linapopita mpaka ikachoka na kukatika. Chomeka bisibisi ndefu ndani ya ufa. Ikizama kwa nguvu ya mkono tu bila kugonga kitu kigumu, msingi umekwenda. Dalili nyingine ni tope jembamba linalopanda na kukauka pembeni mwa nyufa baada ya mvua: gari likipita, lami inakandamiza maji ya chini, nayo yanatoka yamebeba vumbi la kokoto. Hakuna kitu cha kumwaga juu kitakachourudishia ugumu msingi wa namna hiyo. Anayekuahidi kuitibu ngozi ya mamba kwa kupaka, anakuuzia rangi.

Kwa hiyo maji ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kabla ya kununua hata kilo moja ya lami. Njia ya gari inatakiwa iteremke kama sentimita 2 kwa kila mita 1, tena kwa upande unaoyapeleka maji mbali na nyumba. Kupima si kazi: weka ubao ulionyooka wa mita 2 juu ya lami, weka pima maji juu yake, inua upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyobaki chini ya ubao. Ukipata sentimita 4, mteremko uko sawa. Ukipata 1, dimbwi linakusubiri. Angalia pia bomba la maji ya paa linamwaga wapi. Likimwaga kwenye ukingo wa lami, ukingo huo utameguka kila mwaka hata ungeuziba na nani. Na kingo zenyewe zinahitaji kuegemea kitu. Udongo wa pembeni ukishuka na lami ikabaki inaning'inia, gurudumu moja tu likikanyaga pale linavunja kipande. Rudisha udongo na uushindilie, ila usiupandishe juu kuliko lami, la sivyo umejenga bwawa.

Sasa mashimo. Hapa ndipo pesa nyingi huzikwa, kwa sababu kiraka kibovu na kiraka kizuri hufanana siku ya kwanza. Kosa kubwa ni kumwaga lami ndani ya shimo kama lilivyo, la mviringo, lenye vumbi na kingo zinazokwisha kwa wembamba kama ukingo wa chapati. Lami iliyolazwa nyembamba kiasi hicho haina mshiko. Kokoto zinachomoka moja moja mpaka kiraka chote kinabanduka.

Chora pembe nne kuzunguka shimo, ukiingia angalau sentimita 30 ndani ya lami nzima isiyo na ufa, kisha kata kwa mashine ili kingo zisimame wima. Ondoa kila kilicholegea. Ukikuta tope, chimba mpaka ufike pagumu, hata kama shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyopanga (na mara nyingi litakuwa). Rudishia kokoto mchanganyiko, kubwa kwa ndogo pamoja na vumbi lake, kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10, kila tabaka likishindiliwa peke yake. Kwa njia ya gari ndogo, msingi wa sentimita 15 hadi 20 unafaa. Kokoto ziwe na unyevu kidogo: ukifinya konzi moja ishikane bila kuchuruzika maji. Zikiwa kavu kabisa hazishikani, zikiwa chapachapa mashine inazicheza tu.

Kisha paka kingo na sakafu ya shimo lami ya maji, ile ya kahawia, robo hadi nusu lita kwa mita moja ya mraba. Wengi hukosea kwa haraka: wanamwaga lami juu yake ikiwa bado ya kahawia. Maji bado yamo. Subiri igeuke nyeusi na kunata kidoleni. Wengine huikosea kwa ukarimu, wanaimimina mpaka inatuama, na kiraka kinateleza juu yake kama juu ya grisi.

Lami yenyewe hulazwa kwa matabaka ya sentimita 5 au zaidi kidogo baada ya kushindiliwa. Ikiwa imelegea, lami ya moto hupungua kama robo ya unene wake chini ya mashine, kwa hiyo ukitaka 5 mwaga 6 na nusu. Anza kushindilia kingoni ukielekea katikati, na uache kiraka kikiwa juu kwa milimita 3 hadi 5, maana magari yatamalizia. Kiraka kilichosawazishwa kabisa siku ya kwanza huwa kibonyeo baadaye, na kibonyeo hukusanya maji.

Kiasi hakihitaji kubahatisha. Lami iliyoshindiliwa ina uzito wa takriban tani 2.4 kwa mita ya ujazo, hivyo mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 5 inameza kama kilo 120. Kwa lami baridi, ile inayolazwa bila kupashwa moto, ya mifuko ya kilo 25, hiyo ni karibu mifuko 5. Anayenunua mifuko 2 kwa shimo la ukubwa huo ataishia kutandaza juujuu. Nikiwa hapo kwenye mifuko: lami baridi inafaa kwa dharura na mashimo madogo, lakini hukauka kwa kutoa kiyeyusho chake hewani. Ukiijaza sentimita 12 kwa mkupuo mmoja, juu inakuwa ngumu na chini inabaki uji kwa majuma.

Kuna tabia ya kuziba mashimo ya lami kwa zege, kwa hoja kwamba zege ni gumu zaidi. Ni kweli, na ugumu wenyewe ndio ubaya. Lami inanesa na kutanuka kwa joto, zege halinesi. Mpaka wa viwili hivyo unafunguka, maji yanaingia, na baada ya muda unabaki na kisiwa cha zege kilichozungukwa na shimo jipya.

Nyufa za kawaida zinazibwa ukizifikisha kwenye mambo mawili: usafi na ukavu. Ng'oa majani pamoja na mizizi, safisha kwa brashi ya waya, puliza vumbi kwa hewa, na baada ya mvua subiri ufa ukauke mpaka ndani. Dawa ya kuziba ikikutana na vumbi inashika vumbi, haishiki lami. Ufa mpana zaidi ya milimita 12 ujazwe kwanza mchanga mkavu au kamba ya sponji, ukiacha sentimita 1 hivi juu ya kujaza dawa. Bila hivyo dawa yote inazama chini bila faida. Usiache tuta juu ya ufa. Likwangue liwe sawa na lami, kwa sababu matairi hulinasa na kulivuta siku ya jua kali.

Oili, petroli na dizeli ni adui wa lami kwa sababu vyote, pamoja na lami yenyewe, ni watoto wa mafuta ghafi, na hulainishana. Ndiyo maana kunyunyizia oili chafu ili njia ing'ae ni kuila lami taratibu. Ndiyo maana pia beleshi na rola havipaswi kupakwa dizeli ili lami isigande. Maji ya sabuni yanatosha. Doa la oili likiwa juu tu, lisugue kwa sabuni kali na ulisuuze. Kidole cha gumba kikizama pale, kata na uweke kiraka.

Kupaka njia nzima kuna faida yake, lakini ni mafuta ya ngozi, si upasuaji. Lami mpya iachwe miezi 6 hadi mwaka kabla ya kupakwa. Kupaka mikono miwili myembamba kunashinda mmoja mzito, na kupaka kila mwaka hujenga ganda linalopasuka na kubanduka lenyewe. Soma lebo: dawa zenye msingi wa lami ni bora kuliko zile za lami ya makaa ya mawe, ambazo zina kemikali zinazoweza kusababisha saratani na ambazo mji wa Austin, Texas, uliziharamisha tangu 2006.

Wapo wanaopendekeza kutandika lami mpya juu ya ile ya zamani. Msingi ukiwa mzima, sawa. Ukiwa na ngozi ya mamba chini, nyufa zitapanda hadi juu kwa ramani ile ile. Unene nao una kanuni: tabaka liwe angalau mara 3 ya kokoto kubwa iliyomo. Lami yenye kokoto za milimita 12 haiwezi kulazwa sentimita 2, kokoto zitakwaruzana na kuvunjika chini ya rola badala ya kupangana. Na kabla hujakubali, pima mlango wa gereji na vifuniko vya mtaro: sentimita 4 zilizoongezwa zinaweza kuzuia mlango kufunguka au kuyageuza maji yaingie ndani.

Nimalizie kwa yule anayebisha hodi akisema amebakiza lami kwenye kazi ya jirani, atakufanyia kwa bei poa, mradi uamue sasa hivi. Lami ya moto hutoka kiwandani ikiwa na nyuzijoto kama 150 za Selsiasi, na kazi ya kushindilia inapaswa kuisha kabla haijashuka chini ya 80 hivi. Ikishapoa zaidi ya hapo, rola linapita juu tu. Matundu yanabaki ndani na maji yanapata makazi. Iliyozunguka na gari tangu asubuhi ikitafuta mteja imeshapoteza muda wake mwingi, na ikitandazwa nyembamba hupoa kwa dakika chache.

Mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja, na uwe na maneno haya: unene baada ya kushindiliwa. Bila maneno hayo, sentimita 5 za fundi ni zile za kabla ya rola. Kisha omba karatasi ya mizani ya kiwandani kwa kila gari linaloingia. Njia ya mita 4 kwa 15 ni mita 60 za mraba. Kwa sentimita 5 inahitaji tani 7.2. Karatasi ikisema tani 4, umepata chini ya sentimita 3, hata kama juu panang'aa. Kama karatasi haipo, chukua rula upime ukingoni sehemu tatu nne, kabla vibarua hawajarudishia udongo wa pembeni na kabla hujatoa malipo ya mwisho. Gari lisiingie kabla ya siku 3 kama kuna jua kali, usizungushe usukani likiwa limesimama, na stendi ya pikipiki iwekewe kipande cha ubao.

Wako,
Fundi wa lami