Wenye ndoa wakione kichupa kabla hakijarushwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wanafunzi wa vyuo vya sanaa, pamoja na walimu wao, juu ya vichupa vya muziki, yaani video za nyimbo, wanavyotengeneza kwa kutumia mke na mume wa kweli. Mimi na mume wangu tumo katika kimoja. Aliyekitengeneza ni mtoto wa mdogo wangu, na ilikuwa kazi yake ya kumalizia masomo. Kimetoka kizuri, najivunia. Nimeshika kalamu kwa sababu jirani zangu nao walipigwa picha na vijana wengine, na yao yakawa mengine kabisa.

Mume wangu ni fundi baiskeli, na hapa Tanga baiskeli haziishi. Mimi nashona. Kijana wetu alipokuja kwanza alikuwa na mpango wake kichwani: twende Raskazone tutembee ufukweni tumeshikana mikono, mimi na dera jeupe, mzee anipe ua. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo hatukuyafanya hata tulipokuwa wachumba." Akasema basi tugombane kidogo, nimnunie mzee, halafu tupatane kwenye kiitikio, maana kichupa bila stori hakitazamwi. Mzee akamjibu kwa upole: "Ugomvi wetu tuliumalizia ndani, baba. Ukitaka wa kuonyesha watu, tafuta waigizaji. Wapo, na ndiyo kazi yao."

Hakununa. Akaiacha kamera kwao, akawa anakuja tu, "Shikamoo mama mkubwa," anakaa barazani anakunywa chai na kutazama tunavyoishi. Ndipo akaona jambo ambalo mimi nimelizoea hata silioni tena. Macho yangu yamepungua, tundu la sindano ya cherehani silipati hata kwa miwani. Asubuhi, kabla mzee hajaenda kijiweni kwake, ananitungia uzi. Lakini mikono yake ni ya grisi, na mezani kwangu pana satini nyeupe ya watu. Kwa hiyo ananawa kwanza kwa sabuni ya unga na maranda ya mbao, anasugua mpaka ndani ya kucha, anajifuta, ananusa vidole, ndipo anainama kwenye sindano. Akimaliza anadondosha tone la mafuta kwenye cherehani, na chupa ile ile anaondoka nayo kwenda kulainishia minyororo ya baiskeli. Haya yote anayafanya bila neno, na mimi nikiwa nachambua maharage.

Kijana akaitupa mistari yake ya gari na ghorofa, akatunga wimbo upya.

Siku ya kushuti nilijifunza mengi. Alitaka mikono ya mzee ionekane ikienda taratibu, na hapo hapo mdomo wa mwimbaji aliyesimama pembeni uende sawa na wimbo. Kamera ikachukua picha 50 kwa sekunde, ili zije zichezwe 25 na mwendo uwe nusu. Ili mdomo usipishane na sauti, wimbo nao ukapigwa kwa kasi mara mbili, yule binti akawa anaimba mbio kama anayewahi basi. Mzee akachomoa uzi na kuutunga tena na tena mpaka mgongo ukamkaza. Nayataja haya ili wasomaji wajue kwamba hiyo ni kazi ya akili na jasho, na vijana hawa wanastahili heshima yake.

Kabla hajakabidhi chuoni, alituletea kwenye kompyuta tukaitazama wote watatu. Mzee hakuwa na neno. Mimi nikamwomba asimamishe mahali: nyuma ya cherehani, daftari langu la vipimo lilikuwa wazi. Majina ya wateja, namba za simu, kifua, kiuno, nyonga. Ni vipimo vya wake za watu, nimeaminiwa navyo. Akalitia ukungu, ikawa imekwisha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayotaka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa kazi gani. Sheria ya hakimiliki inamlinda mtunzi na mtengenezaji. Mwenye sura naye asisahauliwe.

Sasa hao jirani zangu. Wana mgahawa mdogo. Vijana waliwaomba ruhusa ya kupiga picha "mapenzi ya wazee wetu", wakakubali kwa moyo mweupe, wakawapikia na chapati. Kazi ilipotoka, wimbo ulikuwa wa usaliti. Picha ya baba akicheka na binti aliyekuja kununua chapati imeunganishwa na ya mama akijifuta jasho la jikoni kwa kanga, ikaonekana analia. Mama yule aliyasikia kwa wenzake wa kikoba kabla hajayaona mwenyewe. Vijana walipopigiwa simu, walijibu kwamba ni sanaa tu.

Mimi nimekulia katika mji wa taarabu, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star. Huku watu wameimbwa tangu zamani, na vikali, lakini kwa fumbo. Aliyeguswa aliweza kukaa kimya, au akainuka kwenda kutunza, na siri ikabaki yake. Kamera haina fumbo. Inaonyesha uso wako, mlango wako, mtaa wako.

Wapo watakaosema kwamba ukiwapa wenye ndoa nafasi ya kukata, watakata kila kitu. Sisi tulikata daftari. Mtu aliyesikilizwa tangu mwanzo hana sababu ya kuogopa picha yake.

Walimu, wekeni hili katika masharti ya kazi na mlitolee alama: karatasi ya makubaliano kwa Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, iseme wimbo unahusu nini. Wenye ndoa wakione kichupa kabla hakijarushwa, wawe na haki ya kusema hapa toa, na wapewe nakala yao. Anayetaka kusimulia usaliti atumie waigizaji.

Kichupa cha jirani zangu bado kiko mtandaoni. Vijana mliokitengeneza, kama mnasoma gazeti hili, mama yule yupo pale pale mgahawani tangu alfajiri. Nendeni mkamwamkie, mkamuombe radhi na mkiondoe.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga