Deni lisilo langu liondolewe kwenye jina langu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloweza kumkuta mfanyabiashara mdogo yeyote wa hapa Mwanza bila mwenyewe kujua, mpaka siku atakapokwenda kuomba mkopo.

Mimi nauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Niliomba mkopo wa kununulia mzigo kabla giza halijaanza, maana dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, na asiye na fedha mkononi siku hizo hana biashara. Nikakataliwa. Afisa mikopo alinionyesha kwenye taarifa yangu ya mikopo kwamba nadaiwa shilingi 850,000 na mkopeshaji ambaye sijawahi kukanyaga ofisini kwake, na deni hilo limeshaandikwa kuwa chechefu, yaani lisilolipwa kwa wakati.

Nilipodai kuiona fomu ya mkopo huo, nilikuta kivuli cha kitambulisho changu cha NIDA na saini ya mtu mwingine. Mimi husaini kwa kuandika jina la baba yangu kwa herufi zilizoachana, kama nilivyozoea tangu shule ya msingi. Ile imeunganishwa na ina mkia mrefu. Namba ya simu si yangu. Tarehe iliyoandikwa pale nilikuwa Nansio, Ukerewe, na tiketi ya meli ninayo. Tunaacha nakala za vitambulisho kila mahali, kwa mawakala wa laini, kwa wenye nyumba, na katika vibanda vya kutolea kopi ambako karatasi iliyotoka vibaya hutupwa chini ya meza na hakuna anayeichana.

Kilichoniuma zaidi ni ushauri niliopewa: nilipe kwanza jina lisafike, mengine yatazungumzwa baadaye. Nilikataa, na ninawasihi wenzangu wakatae, kwa sababu kulipa ni kukiri. Deni litabaki likisomeka kuwa lilikuwa langu na nililichelewesha, na aliyeiba jina langu hatatafutwa na mtu.

Wengi hulalamika kwa taasisi inayotoa taarifa za mikopo peke yake. Taasisi hiyo hutunza kile alichowasilisha mkopeshaji, kwa hiyo kosa lisiporekebishwa kwake, linaweza kurudi pale atakapowasilisha tena. Ndiyo maana niliandika barua mbili, moja kwa kila upande, nikaambatisha RB ya polisi, yaani namba ya taarifa niliyofungua kituoni, nakala ya tiketi na mfano wa saini yangu, na nakala zangu zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilipiga pia *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, nikakuta moja nisiyoijua, nikaipeleka polisi kwanza kabla ya kuiondoa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na Tume ya kupokea malalamiko ipo. Tunachohitaji ni haki hiyo itekelezwe haraka. Nchini Marekani, chini ya sheria yao ya mwaka 1970 na marekebisho yake, pingamizi kwa kawaida huchunguzwa ndani ya siku 30, na mwenye ripoti ya wizi wa utambulisho pamoja na uthibitisho wa yeye ni nani huzuiliwa deni hilo la uongo lisionekane ndani ya siku 4 za kazi.

Naiomba Benki Kuu ya Tanzania, yenye kanzidata ya taarifa za wakopaji, iwabane wakopeshaji kwamba pingamizi lenye RB likipokelewa, deni liwekewe alama ya kubishaniwa siku hiyo hiyo, na mkopeshaji ndiye athibitishe kwamba fedha alimpa mtu anayemdai. Aliyetoa fedha bila kumtazama vizuri aliyezichukua hawezi kunitwika mimi kazi hiyo.

Barua zangu zimeingia wiki ya 6 bila jibu la maandishi, na giza la pili limepita.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza.