Futi 300 hazitoshi kwenye maziwa membamba ya Maine

Mhariri,

Tangu 2024 sheria ya jimbo letu la Maine inazitaka boti za mawimbi, zile ambazo mtu huteleza kwa ubao juu ya wimbi linalotengenezwa na boti, bila kushika kamba, zikae futi 300 kutoka ufuoni na penye kina cha futi 15 au zaidi. Ilikuwa hatua njema. Lakini kwenye maziwa membamba haitoshi, na naliomba Bunge la jimbo huko Augusta lipandishe kiwango hadi futi 500.

Chukua ziwa lenye upana wa futi 800. Toa 300 kila upande; katikati unabaki ukanda wa futi 200, na humo boti inaruhusiwa kwenda na kurudi mchana kutwa huku ikipiga kingo zote mbili. Mawimbi hayo ni makubwa kwa makusudi. Matangi hujazwa maji ili boti iwe nzito, tezi (sehemu ya nyuma) inazama, omo (sehemu ya mbele) inainuka, na rafadha, yaani panga la injini, inasukuma maji kuelekea chini. Tope linatibuka pamoja na fosforasi iliyokuwa imetulia, nacho ndicho chakula cha mwani. Kwenye ziwa dogo upepo hauna nafasi ya kukuza mawimbi, kwa hiyo kingo zake hazijawahi kuzoea kipigo kama hiki: udongo unamong'onyoka, mizizi inabaki nje. Luni, ndege wetu wa majini, ana hali mbaya zaidi. Miguu yake iko nyuma mno, nchi kavu hatembei vizuri, basi hujenga kiota palepale maji yanapoishia. Wimbi moja linatosha kuyasomba mayai.

Futi 500 si ndoto yangu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha mwaka 2022 kwamba mawimbi haya yanahitaji zaidi ya futi 500 ndipo yashuke kufikia yale ya boti ya kawaida iliyo futi 200 kutoka ufuoni. Jimbo la Vermont liliweka futi 500 mwaka 2024, kina cha futi 20, na eneo la maji yanayotimiza masharti hayo lisilopungua ekari 50. Wapenzi wa mchezo huo bado watakuwa na maziwa makubwa ya Sebago na Moosehead, ambako maji ni mapana.

Ndugu zangu wa Lewiston na Portland mnaovua samaki na kuogelesha watoto kwenye maziwa haya, kamati za Bunge husikiliza maoni ya yeyote, awe raia au si raia. Muswada ukifika, twendeni tukaseme.

Msomaji,
Lewiston, Maine