Barua ya wazi kwa wazazi wa Tanga ambao watoto wao wenye mahitaji maalumu wanaanza shule Januari

Wanangu,

Salaam sana, na baada ya salaam. Ninawaandikia ninyi akina mama, akina baba na akina bibi mnaolea wajukuu, ambao mwezi Januari mtawapeleka darasa la awali au la kwanza watoto wenye usonji, ualbino, kifafa, mtindio wa ubongo, uziwi, uoni hafifu, ulemavu wa akili, au hali ambayo mpaka leo hamjaambiwa jina lake. Nimefundisha madarasa ya mwanzo hapa mjini hadi nilipostaafu, na neno ninalotaka liwafikie ni moja: mwaka wa kwanza wa mtoto huyu ni wa kuizoea shule, na wa shule kumzoea yeye, kusoma na kuandika kutafuata. Mzazi anayelijua hilo hujiandaa kwa namna nyingine kabisa, wala havunjiki moyo mwezi Machi pale mtoto wa jirani anapounganisha silabi na wa kwake bado anajifunza kukaa kwenye dawati.

Msiende shuleni kwa kunyenyekea kama watu wanaoomba hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kuandikishwa sawa na mtoto mwingine yeyote, iwe shule ya serikali au ya binafsi, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Akitokea mtu akawaambia kwamba mtoto wa namna hii hapokelewi, msigombane naye mlangoni. Andikeni tarehe na maneno aliyoyasema, kisha mwoneni ofisa elimu kata, na isipofaa, nendeni halmashauri kwa ofisa anayeshughulikia elimu maalumu.

Uandikishaji hufanyika miezi ya mwisho wa mwaka, na siku hiyo nendeni na mtoto mwenyewe. Mwombeni mwalimu mkuu awaruhusu mumwoneshe darasa likiwa tupu, alikalie dawati, alione bomba la maji na mahali pa kunywea uji. Rudini tena siku nyingine kwa njia ileile atakayopita Januari, na kama atapelekwa na bodaboda au bajaji, awe dereva mmoja anayemjua.

Katika shule zetu nyingi kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa kipande cha chuma. Sisi wengine tumeuzoea mlio huo, lakini mtoto mwenye usonji anaweza kuusikia kama maumivu, akaziba masikio, akapiga kelele au akakimbia hadi barabarani, na mwalimu mgeni akadhani ni utundu. Ombeni ruhusa rimu igongwe taratibu mkiwa mbali nayo, kisha sogeeni kidogo kidogo kadiri mtoto anavyostahimili, na akikubali mpeni chuma aigonge mwenyewe. Shule ikifunguliwa, mwalimu amwambie kabla kengele haijalia. Nimeona mtoto aliyekuwa akiikimbia kengele akawa ndiye anayesubiri zamu yake ya kuigonga.

Jambo la choo wazazi hulionea haya, na kwa kulinyamazia watoto hurudishwa nyumbani wakiwa wamejichafua na kuchekwa. Choo cha shule kina giza, kina tundu la kuchuchumaa, na huenda mlango hauna komeo. Mfundisheni mtoto kuchuchumaa tangu sasa, na mwambieni fundi amshonee kaptura au sketi yenye mpira kiunoni badala ya vifungo na zipu ambavyo vidole vyake haviviwezi. Mtoto anayehitaji kusaidiwa chooni asiachiwe mwanafunzi mkubwa yeyote aliye karibu. Kubalianeni na mwalimu juu ya mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina, na mtoto naye aambiwe kwamba huyo ndiye, na mwingine akitaka kumpeleka akatae.

Kisha mwandikieni mwalimu wa darasa karatasi moja. Hana muda wa kusoma majalada ya hospitali, ila atasoma ukurasa unaosema nini humtisha mtoto, nini humtuliza, anaombaje maji iwapo hasemi, anatumia dawa gani na saa ngapi, na simu ya nani ipigwe. Ninajua kwa nini baadhi yenu mnaficha, hasa kifafa: mnaogopa maneno ya mtaani. Lakini anayefichwa ni mwalimu, na siku mtoto akianguka darasani ndipo watu humtia kijiko mdomoni, au humkimbia kwa kuogopa povu. Povu la kifafa haliambukizi. Mwalimu aliyeambiwa mapema atamlaza ubavu, ataondoa madawati yaliyo karibu, hatamtia kitu mdomoni wala kumkandamiza, na akiona hali inapita dakika 5 atamkimbiza hospitali. Mwambieni pia kwamba baadhi ya dawa za kifafa huleta usingizi, asije akamchapa mtoto kwa kusinzia. Na dawa hizo zisikatishwe kwa sababu wiki mbili zimepita salama.

Mtoto mwenye ualbino anaanza shule wakati wa kaskazi, jua la Tanga likiwa kali kuliko miezi mingine. Avae kofia pana na mikono mirefu hata mstarini asubuhi, hata kama sare ya shule ni ya mikono mifupi. Hilo liombeni kwa mwalimu mkuu kabla, ili asiadhibiwe kwa kuvaa tofauti. Darasani akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na aruhusiwe kuusogelea ubao. Mtoto asiyesikia vizuri naye akae mbele, mahali anapouona uso wa mwalimu, na mwalimu azungumze akiwa amewaelekea watoto, si akiwa ameuelekea ubao. Kama masikio hutoa usaha, mpelekeni hospitali ya Bombo sasa, msingoje, kwa maana usaha usiotibiwa huweza kumpunguzia mtoto usikivu aliobaki nao. Aliye kiziwi kabisa anahitaji lugha ya alama, na nyumbani pia mjifunze, la sivyo atakuwa na watu wa kuongea nao shuleni tu. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, kateni kipande cha ndala kuukuu, kitoboeni, pitisheni penseli katikati. Mkono usioweza kukishika kitu chembamba huishika penseli hiyo bila kuhangaika. Miguu yake isining'inie, wekeni kibao chini ya dawati.

Wiki za kwanza, ombeni mtoto akae saa chache, kisha muongeze. Asubuhi msimtoroke akiwa ametazama pembeni. Muageni, mwambieni nani atakuja kumchukua, na mtu huyo aje kwa wakati. Akirudi nyumbani amechoka na ana hasira, mpeni chakula na utulivu. Tuisheni ya jioni kwa mtoto huyu katika mwaka wa kwanza siioni kuwa na faida yoyote, na ninawaomba kwa dhati msimpeleke. Baada ya likizo ya Juni huenda akaanza kulia tena mlangoni kama siku ya kwanza. Hajaharibika, anahitaji kuzoeshwa upya, na mara nyingi safari hiyo huwa fupi zaidi.

Wapo watakaoshauriwa bweni, kama vile Irente kule Lushoto, ambako watoto wasioona wamekuwa wakisoma tangu miaka ya 1960. Shule hizo zina walimu na vifaa vya nukta nundu ambavyo shule ya mtaa huenda haina, nami siwakatazi. Ila mtoto mdogo akienda huko, mtembeleeni, na likizo zote arudi nyumbani, asije akawa mgeni kwa ndugu zake.

Mwisho, kikao cha kwanza cha wazazi msikikose, na akina baba msiwaachie wake zenu peke yao. Hapo ndipo kamati ya shule itakaposikia kwamba mlango wa darasa una ngazi tatu na kiti mwendo hakipiti, kwamba choo hakina pa kushikia, na kwamba mnaweza kuchangishana mchanga na saruji fundi akatengeneza mteremko siku moja ya Jumamosi. Mkienda wawili watatu wenye watoto wa namna hii, ketini pamoja na semeni pamoja. Mimi ninapatikana Ngamiani. Anayetaka kusaidiwa kuiandika ile karatasi ya mwalimu aje jioni, baada ya swala ya alasiri, na mtoto aje naye.

Wasalaam,
Bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga