Rehema, hizo oleanda usizipande kwanza

Rehema, shoga yangu,

Salamu tele, za nyumbani kwangu na za majirani wote, zipokee kwa mkupuo mmoja maana nina haraka. Sisi wazima. Mguu wa mama umepoa, anatembea na kugomba kama zamani, kwa hiyo ujue amepona kweli. Habari ya kimya chetu hiki kirefu tutalaumiana siku tukionana.

Kilichonikalisha niandike ni Mama Salma. Jana kapita hapa, na katika kunimwagia habari akasema ukuta wako umekwisha, mafundi wameondoka, na umeshanunua miche ya oleanda ya kujaza lile tuta la mbele, kuanzia getini mpaka barazani. Nikamwuliza mara mbili: oleanda? Akasema ndiyo, zile za maua ya pinki, tena akazisifu. Rehema, na Bibi Mdogo je? Mtoto ambaye hata kokoto kwake ni peremende?

Mmea ule wote ni sumu, kuanzia jani, ua na tawi mpaka mbegu na utomvu wake. Ni sumu ya kuvuruga mapigo ya moyo, si ya kuumwa tumbo kidogo ukalala ukaamka. Majani yakikauka sumu haiondoki, na hata moshi wa matawi yake yakichomwa unadhuru, kwa hiyo usije ukamwambia kijana wako akazichome nyuma ya nyumba. Sisemi ni mmea mbaya. Unavumilia jua, ukame na vumbi, ndiyo maana unapandwa katikati ya barabara kuu, ambako watoto hawachezi na mifugo haipiti. Basi ukae hukohuko. Kama aliyekuuzia anakubali kubadilisha, mrudishie leo. Asipokubali, tafuta mtu asiye na mtoto wala mnyama umpe, na umweleze wazi anachokipokea. Wifi yako usimpe kimyakimya, nakujua!

Haya. Mama Salma anasema lile tuta linapigwa jua tangu asubuhi mpaka jioni, na wewe unalalamika kwamba hakuna kitakachoota. Mimi nakuonea wivu. Vichaka vingi vya maua vinataka jua la moja kwa moja angalau saa 6 kwa siku, vikikosa vinarefuka, vinalegea na kutoa majani matupu. Kinachonitia mashaka kwako ni ukuta. Ukuta unaopigwa jua mchana kutwa unalitema joto lile juu ya mimea, na tena mafundi wale, kama mafundi wote duniani, watakuwa wamefukia mabaki ya saruji na vipande vya matofali palepale unapotaka kupanda. Kabla ya chochote, chimbua uyatoe. Usikubali kuambiwa "yataoza". Saruji haiozi.

Ndiyo maana iksora nakushauri uiweke mbali na ukuta au uiache kabisa, ingawa najua unaipenda. Iksora inataka udongo wenye uchachu kidogo, na chokaa inayotoka kwenye saruji inauondoa. Utaona majani mapya yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, utadhani mtu ameichora kwa kalamu. Watu wakiona vile hukimbilia kumwaga samadi, na majani yanazidi kuwa manjano, kwa sababu chakula kipo ardhini ila mizizi haiwezi kukichukua. Kama lazima uwe nayo, itie kwenye chungu kikubwa, ukae nayo barazani.

Sasa bogenvilia. Najua utasema ni ya kila mtu, kila ukuta unayo. Iko kila ukuta kwa sababu inaweza, shoga! Jua kali ndilo linaloipa rangi. Siku moja chukua kikonyo chake ukitazame kwa karibu: kile unachokiita ua ni majani matatu yaliyobadilika rangi, na maua yenyewe ni vile vijirija vyeupe vyembamba vilivyosimama katikati. Ndiyo maana rangi yake inadumu wiki nyingi. Siri yake ni kuibania. Ukiimwagilia kila siku na kuijaza mbolea itanenepa, ikupe majani na miiba tu. Ikishashika mizizi, iache ione kiu kidogo, na maua yakipukutika uipogoe, maana inachanua kwenye matawi machanga. Ila ipande mbali na njia ya kuingilia, ile miiba haichagui mgeni wala mwenyeji. Na wakati wa kuipanda uchane mfuko kwa kisu taratibu, usiivute kwa shina, mizizi yake ni dhaifu na haipendi kutikiswa.

Kisa chake nacho utakipenda. Imepewa jina la Mfaransa, Bougainville, aliyezunguka dunia kwa meli kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea aliyekuwamo safarini alikuwa Commerson, na mmea huu waliukuta Brazili. Huyo Commerson alikuwa na msaidizi wake, kijana mchapakazi wa kubeba mizigo na kukusanya mimea, kumbe ni mwanamke, Jeanne Baret, amejivika kiume kwa sababu wanawake walikatazwa kwenye meli za jeshi la majini la Ufaransa. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Na jina la ua likaenda kwa nahodha! Ukimsimulia Zainabu hiki kisa hatalala kwa hasira.

Ya pili nakushauri plambago, ile ya samawati iliyofifia. Kwa nyumba iliyoelekea jua rangi ile inatuliza macho. Haisumbui, ukiikata inarudi, na maua yanakuja kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo usiogope mkasi. Kasoro yake ni kwamba vikonyo vya maua vinanata, ukipita karibu unaondoka navyo kwenye nguo. Mimi ninayo, na pembeni imetoa vichipukizi vyenye mizizi tayari. Nitakufungia kwenye gazeti bichi, nimpe Mama Salma akuletee, si ndiye aliyeanzisha maneno haya?

Haibiskasi nayo inafaa, ile nyekundu ya kawaida hasa. Ua moja linaishi kama siku moja hivi, jioni utalikuta limejikunja limeanguka, lakini mengine yanasubiri zamu. Hiyo lakini ni mlafi, inataka maji na mbolea kuliko bogenvilia, kwa hiyo usizichanganye sehemu moja ukazitendea sawa, moja itaudhika. Kagua chini ya majani na kwenye vikonyo, vidung'ata vinaipenda, vile vidudu kama pamba. Ukiviwahi, maji ya sabuni na kitambaa vinatosha.

Haidrenja anazokusifia Mama Salma mwachie mwenyewe na kivuli chake. Kwenye jua la mchana zinanywea kama nguo iliyoloa, na wewe utakuwa mtumwa wa ndoo. Na lantana, tafadhali, usidanganywe na yale maua yanayobadilika rangi. Ndege wanakula matunda yake na kuzitawanya mbegu, baada ya muda utaikuta hata usikoipanda. Ng'ombe wakiila inawadhuru. Imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Baba Juma anadai yake ameidhibiti. Haya.

Jambo ambalo nakuomba usilifanyie ubishi ni nafasi. Miche ikiwa kwenye mifuko ni midogo, inatia huruma, unatamani kuibananisha ili tuta lijae upesi. Haibiskasi ikiachiwa inapita kimo cha mtu, na upana wake ni karibu uleule. Uliza kila mmoja utafikia upana gani ukikomaa, kisha nusu ya upana huo ndiyo iwe umbali wake kutoka ukutani, walau. La sivyo kila mwaka utakuwa unapigana na matawi dirishani, na kichaka kinachokatwakatwa ovyo hakichanui vizuri. Pale katikati patakapobaki wazi weka matandazo ya majani makavu, ila yasiguse shina. Shimo liwe na upana mara mbili ya mfuko lakini kina kilekile, maana ukiuzamisha mche shina linaoza. Na maji yawe mengi kila baada ya siku chache, siyo vikombe vya kila jioni ambavyo haviendi chini.

Nilitaka kukwambia na habari ya mawaridi, lakini tuliza kwanza ya oleanda. Yaani bado siamini kwamba aliyekuuzia hakukuuliza hata kama kuna mtoto nyumbani. Au aliuliza? Au ulimjibu vile unavyojibu wauzaji, "ndiyo, ndiyo," macho yako kwenye rangi?

Sasa nijibu haya. Umeshachimba mashimo au miche bado iko mifukoni? Kama bado, iko mahali Bibi Mdogo hafiki? Tuta lina upana gani hasa, hatua mbili au tatu? Dirisha la chumba chako liko upande huo, na kama liko, unataka kichaka cha kulifunika au cha kuishia chini yake? Bogenvilia unataka rangi gani, zambarau au ile ya machungwa? Maji ya bomba yanafika mbele au utabeba? Na mbwa yule bado mnaye?

Mama anakusalimu, anauliza lini unakuja kumwona.

Wako,
Mwanaisha